Aliyeanua Dagaa Katonga

Bi Mwamini hakuwa mtu wa kupanda mpaka Katubuka bila sababu. Alikuwa na magoti mabovu, na kazi yake ya kuanika dagaa pale Katonga haikumpa nafasi ya matembezi. Lakini asubuhi ile alifika mlangoni kwa Haruna na bakuli la dagaa wakavu lililofunikwa kawa, akamkabidhi Safina, akakataa kuketi.

"Mpe mumeo. Mwambie Bi Mwamini anasema Mungu ampe afya. Bila yeye jana ningekuwa nimekaa mchangani nalia."

"Jana? Kafanya nini jana?"

"Hakukwambia? Mvua ilipotukuta, dagaa wangu wote wa upande wa chini kawaanua yeye, peke yake, maji yanamchuruzika kama katoka kuzamia. Hata asante hakuisubiri. Ana adabu mwanaume yule, mwanangu. Mshike."

Haruna alikuwa nyuma ya pazia la chumbani, anafunga vifungo vya shati. Alisikia kila neno, na vidole vyake vikasimama palepale vilipokuwa. Jana hakuanua dagaa hata mmoja.

Haruna alichora ziwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: mbao za plaiwudi alizozipaka nyeupe kwanza, kisha Tanganyika juu yake, zikanunuliwa na wageni waendao kuona sokwe na wenye nyumba za wageni waliotaka kitu cha kutundika mapokezi. Hakuchora kwa kutazama picha ya simu. Simu, alisema, inaona ziwa la buluu tu, na ziwa lile halijawahi kukaa buluu kwa muda wa mtu kumaliza chai. Kwa hiyo alikaa nje, juani na kwenye upepo, na zaidi ya yote alipenda saa ile hali ya hewa inapogeuka, milima ya Kongo inaposogea karibu ghafla na maji yanaposhika rangi isiyo na jina.

Jana yake alikuwa amekaa juu ya mwamba ulio juu kidogo ya mwalo wa Katonga, ufuko wa kushushia samaki. Chini yake dagaa walikuwa wameanikwa kila mahali, kwenye mchanga na kwenye vichanja vya nyavu. Wingu likaja kutoka Kongo. Pale mwaloni kuna jambo ambalo halihitaji kutangazwa: wingu likifunga na dagaa wako nje, kila mwenye mikono anaanua. Mpita njia anaanua. Mnunuzi aliyekuwa anagombana na muuzaji sasa hivi anaanua. Dagaa wakinyeshewa wananuka, wanaishia kwa kuku. Mvua ikipita, kila aliyeanua hupelekewa bakuli, na bakuli lile huliwa na aliyelitolea jasho tu.

Bi Mwamini alimwona juu ya mwamba. "Wee kijana wa rangi! Shuka!"

Haruna aliinua brashi, ishara ya kwamba anakuja. Hakwenda. Kulikuwa na ile rangi kwenye maji, kati ya kijivu na kijani, na alijua akishuka hataikuta tena. Akajifunika nailoni, akaendelea kuchora. Wanawake walikimbia huku na huko chini yake wakiita majina ya wenzao, na katika picha hakumweka hata mmoja, kwa sababu waliharibu utulivu wa mchanga.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuchora.

Sasa Safina alisogeza pazia, bakuli mkononi, akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesingiziwa.

"Kumbe," alisema. "Mbona hukuniambia?"

Kwa miezi alikuwa akimwambia mumewe jambo lile lile kwa maneno mbalimbali: kwamba anaangalia ziwa, haangalii watu. Kwamba baba yake, Mzee Iddi, amelala Ujiji, upande mmoja wa mwili umekufa, na mkwewe hajakanyaga pale tangu siku ya kwanza. Leo hakuwa na hasira. Haruna alikuwa amesahau uso wake ulivyo bila hasira.

Angeweza kusema, si mimi. Ni maneno mepesi, mtoto anayaweza.

"Ni jambo dogo tu," alisema Haruna.

Mchana walikula wale dagaa kwa mawese na ugali wa muhogo. Walikuwa watamu.

Kesho yake alishuka Katonga, akijidanganya kwamba anakwenda kuangalia mwanga. Bonaventura, fundi wa mitumbwi, alimwona kwa mbali.

"Mwakeye, msanii! Leo umekuja kuchora au kubeba?"

"Kuchora."

"Basi nikuombe radhi mbele ya watu. Mimi nilikuwa nasema huyu Mungu alimpa mikono ya kushikia kijiti tu. Juzi nakuona unabeba karai juu ya karai, unapanda mchanga kama umelaaniwa. Nikamwambia mke wangu, kumbe yule jamaa ni mzima!"

Wanaume waliokuwa wakiziba mtumbwi walicheka. Haruna naye akacheka. Bonaventura akasogea, akashusha sauti.

"Lakini bwana, ukapime. Nilikushika mkono nikupokee karai, ukawa wa baridi kama samaki wa kwenye barafu."

"Mvua," alisema Haruna.

"Sote tulinyeshewa."

Turubai la Bi Mwamini lilikuwa limetandazwa likauke. Pembeni mwake kulikuwa na alama za mikono, za rangi iliyoganda, kati ya kijivu na kijani. Haruna alingoja watu wageuke, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya alama. Kililingana. Kidole cha mwisho, alichokivunja utotoni kikaunga kombo, nacho kililingana. Anga lilikuwa safi tangu asubuhi, lakini kutoka kwenye turubai ilipanda harufu ya mchanga wa moto ulionyeshewa sasa hivi.

Alilikunja turubai ili alama ziwe ndani, akaondoka.

Mvua iliyofuata ilimkuta Kibirizi, anachora maboti. Alikaa chini ya kibanda mpaka ikaisha. Aliporudi jioni Safina alikuwa ameketi barazani, macho mekundu, na Haruna akajua kuna msiba.

"Baba?"

"Baba kaogeshwa," alisema Safina. "Kanyolewa ndevu, kakatwa kucha. Kile kidonda cha mgongoni kimesafishwa, kafungwa kitambaa kipya. Jirani anasema ulikuja na mvua, ukafanya kazi yote bila kusema neno, mvua ilipokatika ukaondoka. Haruna, kwa nini unafanya wema kama mwizi?"

Akaushika mkono wa mumewe, akauweka kwenye paji la uso wake. Ilikuwa tangu Ramadhani hajamshika hivyo. Haruna alihisi mapigo ya moyo wake mwenyewe kwenye kiganja, akafungua mdomo.

"Ni baba yangu pia," alisema, na akashangaa jinsi maneno yalivyotoka bila kukwama.

Alikwenda Ujiji kesho yake, jua kali, kwa mara ya kwanza tangu mzee augue. Mzee Iddi alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande na maneno yake yalitoka polepole, lakini yalieleweka.

"Shikamoo, baba."

Mzee alitafuta mkono wake juu ya shuka, akaushika, akaupima.

"Una joto," alisema. "Wewe siye."

"Mimi Haruna, baba."

"Najua." Akavuta pumzi. "Yule mwingine ana mikono ya baridi. Lakini anakuja."

Haruna alitazama mlangoni. Akainama mpaka karibu na sikio la mzee. "Baba, yule si mtu."

"Ananigeuza," alisema Mzee Iddi. Chozi lilitoka kwenye jicho lililobaki na uhai. "Nyie watu hamnigeuzi. Usimfukuze."

Siku hiyo Haruna hakuchora. Wala iliyofuata. Alikuwa akitazama anga kama wanavyolitazama wenye dagaa, na alipoona limefunga alikaa ndani. Ndivyo ilivyomkuta mvua iliyokuja na adhana ya magharibi, akiwa kwenye chumba cha nyuma anapanga mbao zake, na Safina yuko jikoni.

Kwanza ilikuja harufu, ile ya mchanga, ndani ya nyumba ya sakafu ya saruji. Kisha ndala barazani, zinavuliwa na kuegemezwa ukutani kama anavyoziegemeza yeye. Kikohozi kifupi. Kisha "Hodi", na haikuwa sauti yake kama watu wanavyoisikia, ilikuwa sauti ile aliyoisikia yeye tu kutoka ndani ya kichwa chake anapozungumza.

"Karibu," aliitika Safina. "Umelowa! Mimi nilidhani uko humo ndani."

Haruna alisimama, mkono kwenye komeo, akijua kwamba inatosha kuuvuta ule mlango na kutoka ili Safina awaone wawili na aelewe, na akijua pia kwamba akitoka itambidi aeleze kuanzia bakuli la kwanza, kwa hiyo hakuuvuta, akasikia chai inamiminwa, akasikia kiti chake kinasogezwa, akasikia yule mtu anamwambia mkewe samahani kwa miezi yote ya ukimya, samahani kwa kumwacha baba yake anuke kitandani, samahani kwa siku ile mimba ilipoharibika naye akachelewa kufika hospitali kwa sababu milima ya Kongo ilikuwa imefunguka, jambo ambalo Haruna alikuwa amelisingizia pikipiki na hakuwahi kumwambia kiumbe yeyote ukweli wake, na akamsikia Safina analia, si kilio cha uchungu bali cha mtu anayetua mzigo, naye yuko nyuma ya mlango anauma pindo la shati lake, vinyweleo vimemsimama mpaka kisogoni, na chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kingine kilichomtisha zaidi, nacho ni nafuu, kwamba hatimaye limesemwa na si yeye aliyelisema.

Mvua ilipokatika, ndala zilivaliwa. Haruna akatoka.

Safina alikuwa anasuuza kikombe. Macho yamevimba, uso umetulia. "Umeshabadilisha nguo? Vizuri," alisema. "Asante kwa maneno yale. Nilishakata tamaa kwamba nitayasikia."

Sakafuni kulikuwa na nyayo za maji, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti na kurudi. Safina aliziruka alipokuwa anakwenda kuweka kikombe. Haruna alichukua tambara, akapiga magoti, akazifuta.

Asubuhi alikwenda Ujiji kwa Mwalimu Abdulkarimu, aliyesomesha watoto na kuwasomea watu wazima waliosumbuliwa. Mwalimu alikuwa na mafua. Alimsikiliza huku akifuta pua kwa leso kubwa.

"Kakudhuru?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kamdhuru mkeo? Kaiba? Kamtisha mgonjwa?"

"Hapana."

"Sasa nimfukuze kwa kosa gani? Watu wananiletea majini yanayovunja vyombo, wewe umeniletea linalouguza wazee." Alicheka, akakohoa. Kisha akamtazama Haruna usoni na kicheko kikaisha. "Sikiliza. Majini wamo wema kukushinda wewe na mimi. Siku ile pale mwaloni kila mtu alikuwa na mahali pake. Pako ulipaacha wazi, kaingia. Hapo alikuwa mpita njia tu. Ulipolila bakuli lake ukamwambia akae."

"Kuna kombe la kunywa?"

"Hakuna kombe la hili. Mrudishie shukrani zake. Leo baada ya adhuhuri simama Katonga mbele ya watu wale wale, na mkeo awepo, useme hukuanua, hukuosha, hukuomba radhi. Nami nitakuja na chetezo nimuage kwa heshima. Lakini uanze wewe. Ukichelewa, jina lako na nyumba yako vitakwenda kwake, na mimi sitakuwa na cha kusoma."

"Na akija pale pale? Kwa sura yangu? Utanijuaje?"

"Jini ana nguvu, ana elimu, ana hata dini. Aibu hana. Aibu ni ya binadamu." Mwalimu alikunja leso yake. "Nitakujua kwa hiyo."

Haruna aliondoka akiwa na nia. Alikuwa na mkoba wake wa rangi begani, kwa sababu hakuwahi kutembea bila mkoba ule. Alipaswa kupanda Katubuka kumchukua Safina. Badala yake alipita kwenye mwamba kwanza, apange maneno.

Alikaa pale, akayapanga. Mimi siye niliyeanua. Akajaribu kuyasema kwa sauti, yakamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Chini wanawake walikuwa wanageuza dagaa. Alimwona Bi Mwamini amejishika kiuno. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa imesogea, na nyuma yake wingu lilikuwa linapanda, na maji yalianza kuwa rangi ile.

Mvua inakuja, alijiambia. Kwenye mvua hakuna atakayenisikiliza. Ikipita nitashuka. Lilikuwa jambo la kweli, na alijua pia kwa nini analisema. Alitoa ubao, akajifunika nailoni, akajibana chini ya ukingo wa mwamba. Maneno aliyoyapanga yalimtoka kichwani polepole kadiri rangi ilivyokuwa inaingia kwenye ubao, na alishukuru. Mvua ilipiga nailoni. Wakati fulani alisikia chini sauti ya mwanaume inalia mbele za watu, akaona heri asitazame.

Alipotoka chini ya mwamba jua lilikuwa limerudi na alasiri imeshaadhiniwa. Nguo zake hazikuwa na tone. Alishuka na ubao mkononi kwa sababu rangi ilikuwa bado mbichi.

Watu walikuwa wamesimama karibu na vichanja vya Bi Mwamini. Bonaventura alikuwapo, na wanaume wa mitumbwi. Mwalimu Abdulkarimu alikuwapo na chetezo kinafuka. Safina alikuwapo. Mbele ya miguu yake ameketi mtu, kitenge cha Safina mabegani, kichwa magotini, maji yanamdondoka mpaka yamechimba mchanga.

"Huyo hapo," alisema Bonaventura kwa sauti ya chini, akafanya ishara ya msalaba. "Alisema atakuja mkavu."

"Safina," Haruna aliita.

Safina alirudi nyuma. "Usiniite."

"Simama hapo hapo," alisema Mwalimu. "Usisogee."

"Mwalimu, ni mimi! Nilikuja kwako asubuhi. Ulikuwa na mafua."

"Haruna alikuja kwangu asubuhi. Na adhuhuri Haruna kamleta mkewe hapa, mvua inampiga, kasimama mbele ya watu hawa na kuyasema yote. Bakuli. Mgonjwa. Ile jioni aliyojificha nyuma ya mlango akamwacha mkewe na jini. Siku ya hospitali. Kalia mpaka kaanguka magoti. Mimi nimesomea watu tangu ndevu zangu nyeusi, sijaona jini likiona haya."

Mtu yule aliinua uso. Haruna aliona uso wake mwenyewe, na juu yake kitu ambacho hakuwahi kukiona kwenye kioo. Ilikuwa aibu, kamili, haijaficha chochote. Mtu yule hakumtazama kwa chuki. Alimtazama, kisha akainamisha macho, kama mtu anayemwonea haya mwenzake.

"Ni mimi niliyekula bakuli!" Haruna alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyejificha! Mimi ndiye niliyechelewa hospitali!"

"Hayo tumeshayasikia, baba," alisema Bi Mwamini. "Kwa mwenyewe." Akatazama ubao. "Na hicho ulichoshika ni nini?"

Haruna alichelewa kuugeuza. Waliuona wote: Katonga kwenye mvua, vichanja, mitumbwi, mchanga, kila kitu mahali pake, na hakuna mtu hata mmoja.

"Katuondoa," alisema Bonaventura. "Tazameni. Katuondoa sote."

Wanawake walivuta khanga zao. Mwalimu alipuliza makaa, ubani ukaja usoni kwa Haruna, ukamtoa machozi, na machozi yale hakuna aliyeyahesabu kuwa ya mtu.

"Hatukufukuzi kwa ubaya," alisema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Uliwaanulia watu dagaa. Ulimwosha mgonjwa. Mwenyezi Mungu akulipe. Sasa mwachie mja nafasi yake, uende ulikotoka kwa salama." Akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu.

Bi Mwamini akasema, "Asante." Bonaventura akasema. Wanaume wa mitumbwi wakasema, mmoja baada ya mwingine, kwa woga na kwa heshima, kama watu wanaomsindikiza mgeni ambaye hawataki arudi. Kila mara Haruna alipofungua mdomo kukataa, mwingine alimshukuru, na kila mara miguu yake ilirudi nyuma. Safina alikuwa wa mwisho. Hakumtazama.

"Asante kwa baba," alisema.

Haruna aligeuka, akatembea. Alikuwa ameshauvuka mwalo alipokumbuka kwamba yupo mtu mmoja ambaye hawezi kukosea.

Alifika Ujiji jua likiwa linashuka. Alipita uani, akaingia chumbani bila hodi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba. Nishike mkono."

Mzee Iddi aliushika. Aliushika muda mrefu.

"Una joto," alisema.

"Unanijua?"

"Wewe ndiye Haruna. Ndiye niliyempa binti yangu."

Haruna alilaza uso kwenye ukingo wa kitanda. "Basi waambie, baba. Wamenikataa wote. Mama yake Safina angekuwa hai angenijua. Wewe ukisema, Safina ataamini. Neno moja tu. Waambie yule ndiye jini."

Dirishani mwanga ulikuwa umegeuka, na mtu mwingine angeona kwamba ziwa kule chini limeshika rangi ya mawese. Haruna hakutazama.

"Kidonda kilikuwa na wadudu," alisema Mzee Iddi hatimaye. Alivuta pumzi katikati ya maneno. "Ulikuwa unajua?"

"Hapana, baba."

"Alitoa mmoja mmoja. Kwa vidole." Mkono wa mzee uliuachia mkono wa Haruna, ukarudi polepole juu ya kifua chake. "Nenda. Ni saa yake ya kunigeuza."

"Baba, nitakugeuza mimi. Nitakuosha mimi, kila siku, wallahi. Nionyeshe tu."

Mzee alifumba macho. Hakuyafumbua hata Haruna alipomwita.

Juu ya bati tone la kwanza lilianguka, kisha jingine. Harufu ya mchanga ikaingia kupitia mlango wa mbele, na nyuma yake sauti ya Safina, anacheka taratibu kwa neno aliloambiwa njiani. Ndala zilivuliwa barazani.

Haruna alitoka kwa mlango wa uani. Alisimama chini ya dirisha, mgongo ukutani, maji yanamwingia kwenye kola, akasikia kitanda kinalia mzee akigeuzwa, akasikia maji yanakamuliwa kwenye kitambaa. Kisha akaisikia sauti yake, tulivu, karibu sana.

"Shuka limevurugika huku, baba. Nani alikuwa hapa?"

"Hapakuwa na mtu," alisema Mzee Iddi.